Simu tu inatosha kwa mawio ya Dar

Mkuu, umeuliza kama ubebe kamera kwa semina ya siku mbili Dar ili upige mawio baharini. Usijitese na begi, simu inatosha. Kwa kuwa umefikia Masaki, nenda Coco Beach, inatazama mashariki. (Waliokwambia uvuke hadi Forodhani, Zanzibar, wanakupoteza; kule panatazama magharibi, patamu jioni.)

Novemba jua huchomoza kabla kidogo ya saa 12 asubuhi, Julai ni kama saa 12 na nusu. Fika dakika 25 kabla, maana rangi hutangulia jua na huku kwetu hazikawii. Chukua bajaji, usitembee peke yako gizani.

Kinachoharibu picha nyingi ni mvuke: simu ikitoka chumba chenye AC, kioo cha kamera kinafunga ukungu papo hapo. Itoe mapema, ifute kwa fulana. Halafu bonyeza skrini karibu na jua, shikilia mpaka fokasi ijifunge, shusha mwanga kidogo. Usivute kwa zumu, sogea mwenyewe. Maji ya bahari yakiwa yanakupwa, chuchumaa kabisa: mchanga uliolowa unaakisi anga lote.

Semina ikianza saa 2, hata chai utakunywa.