Fundi wa Boti Anajibu: Sitaha ya mbele yabonyea nikiikanyaga

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko hapa Malindi, nimekuwa baharia kwa boti za kuvua nduaro na sulisuli miaka mingi, sasa mzungu mmoja karudi kwao akaniuzia boti yake ya zamani ya futi 28, ya faiba, ina kabini mbele na injini mbili za dizeli za ndani. Nataka kuweka friji, muziki, taa za LED na sola ili msimu wa kaskazi ukianza nibebe wageni. Shida ni moja tu, sitaha ya mbele karibu na nanga yabonyea kidogo nikiikanyaga, na kila asubuhi nakuta maji kidogo ngamani (kule chini kabisa ndani ya boti) ila pampu yatoa. Je nianze na sola ama friji?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa boti. Barua yako nimeisoma mara mbili nikacheka peke yangu, manake hiyo unoita shida moja tu ni shida mbili, na hizo mbili ndo boti yenyewe. Friji itangoja.

Anza na maji ya ngamani. Yaonje. Ndio, kama hayana mafuta chovya kidole uonje, yakiwa ya chumvi yatoka baharini, yakiwa matamu ni mvua yaingia juu ama tangi lako la maji lavuja, na hapo umeshapunguza kazi nusu kabla hujashika spana. Yakiwa ya chumvi ikaushe ngama yote na kitambaa mpaka iwe kavu kabisa, alafu chukua karatasi ya choo uzungushie kila koki ya chini (zile za matundu yalotobolewa chini ya boti), kila mpira na kila mahali shafti inapotokea, uende zako unywe kahawa urudi baada ya saa nzima na tochi. Karatasi itakwambia ni wapi, haidanganyi.

Mara nyingi huwa ni pakingi ya shafti, ile kamba inoziba pale shafti ya rafadha inapotokea nje. Ile kamba ya pakingi ikichoka yatiririka, na watu wakiona hivo wanakaza nati mpaka isitone hata tone, kisha wanashangaa mbona shafti imechimbika. Shafti ikizunguka matone machache kwa dakika ni sawa, hayo ndo yaipoza, ikisimama iwe kavu ama karibu na kavu. Ukishakaza mara mbili tatu na bado yatiririka, usikaze tena, toa kamba yote ya zamani (yote, na ile ya ndani kabisa inojificha) utie mpya vipande vipande, maungio yasikae mstari mmoja.

Alafu koki za chini. Hapa nakuomba usifanye haraka. Chukua kisu ukwangue kidogo kila koki, ndani rangi ikiwa ya manjano ni sawa, ikiwa ya waridi kama shaba nyekundu basi hiyo ni brasi ambayo zinki yake imeliwa na chumvi, kwa macho ni nzima lakini ukiigonga yavunjika kama biskuti. Badilisha na bronzi. Mi nilishika moja hivo mwaka ule, nikiwa naifunga tu kwa mkono, ikabaki mkononi na bahari ikaanza kuingia kwa tundu la inchi moja na nusu, na nilokuwa nacho cha kuzibia ni kanzu yangu. Tundu kama hilo likiwa futi moja chini ya maji laingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika, na pampu ndogo ya galoni 500 kwa saa, ambayo najua ndo unayo, hata kwenye karatasi haitoi zaidi ya lita 30 hivi kwa dakika, na ukihesabu kupandisha maji juu na waya mwembamba haifiki hapo. Tangu siku hiyo kila koki kwa boti yangu imefungiwa kizibo cha mti kwa uzi, pale pale ilipo. Na swichi ya kuelea ya pampu iungwe moja kwa moja kwa betri na fyuzi yake, isipite swichi kuu, manake boti huzama usiku wewe umelala nyumbani.

Sasa sitaha. Faiba ya sitaha si kipande kimoja, ni ngozi mbili na katikati kuna mbao, balsa ama plaiwudi, na maji huingia kwa matundu ya bolti za nguzo za kushikia na za kufungia nanga, yakaozesha mbao ndani wakati juu pang'aa vizuri tu. Chukua mpini wa bisibisi ugonge gonge kote, pazuri palia ko ko ko, palooza palia pu, we weka alama kwa chaki. Utapata doa kubwa kuliko ulivotarajia, ni kawaida.

Doa likiwa ni la kuzunguka bolti tu, toa bolti, panua tundu, chokoa mbao iliooza, acha pakauke kweli kweli, jaza epoksi (ile gundi ya kuchanganya inoganda ngumu) iliochanganywa na unga wake mpaka iwe nzito, ikiganda toboa tena tundu la saizi ya bolti katikati ya epoksi, hivo hata maji yakiingia siku nyingine hayapati mbao. Likiwa kubwa itabidi ukate ngozi ya juu, utoe mbao yote mbovu, ubandike plaiwudi mpya ya baharini kwa epoksi na uifunike na matabaka ya faiba. Usitumie rezini ya poliesta kwa kubandika juu ya faiba ya zamani, haishiki kama epoksi, na poliesta juu ya epoksi ndo kabisa. Na kazi hii ifanye kabla mvua, si katikati ya masika na turubali.

Joto letu pia lina mambo yake. Mwaka wa kwanza nilichanganya epoksi kopo zima saa sita mchana pale pwani, nikaitikia salamu ya mtu mmoja, kugeuka kopo latoa moshi mkononi na plastiki yayeyuka. Changanya kidogo kidogo, asubuhi mapema, na umwage kwa sinia pana, ikiwa imerundikana pamoja yajipasha yenyewe. Ikikauka juu yake pana utelezi kama nta, oshea na maji na sponji kabla ya kupiga msasa, la sivyo tabaka la pili halishiki.

Ukimaliza hapo niandikie tena tuongee friji.

SWALI: Salaam aleikum bwana fundi. Niko Shela, mimi na mume wangu tuna boti ya kabini ya kulaza wageni wawili, huwapeleka Manda Toto na Kiwayu. Betri mpya hazimalizi miezi sita zimekufa. Fundi wa magari asema ni altaneta (ile dinamo ya injini inochaji betri), tumebadilisha na bado. Tufanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza niambie ukweli, hizo betri ni za gari? Betri ya gari imeundwa itoe nguvu nyingi sekunde chache kupiga stata, kisha ijazwe, haikuundwa kuwasha taa na feni usiku kucha mpaka alfajiri. Ukiikausha hivo mara kadhaa yafa, na altaneta hana kosa lolote masikini.

Tenga. Moja iwe ya injini peke yake, isiguswe na kitu kingine, na nyingine iwe ya kazi ya nyumba, ile ya kuvumilia kukaushwa. Nunua mita ya bei ndogo uwe wapima asubuhi kabla hujawasha kitu: volti 12.6 ama 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu na hapo ndo mwisho, usiteremke zaidi, chini ya 12 umeshaiumiza. Injini ikinguruma iwe 14 na kitu, ikiwa bado 12 na kitu hapo ndo turudi kwa altaneta.

Na waya muangalie. Boti za zamani zina waya wa gari, shaba tupu, ukichuna ngozi yake utakuta ndani mweusi kama masizi, umeme hupotelea humo humo. Weka ule uliopakwa bati, mnene kidogo kuliko unavodhania, vichwa vibanwe na koleo lake, si kwa meno. Taa zote badilisha ziwe LED, taa ya wati 10 yawa ya wati 1 au 2 na mwanga ule ule, hii ndo kazi rahisi kuliko zote na yapaswa kuwa ya kwanza kufanya. Kisha sola. Paneli ya wati 100 kwa jua letu, uhesabu ampea-saa 25 mpaka 30 kwa siku, na friji ndogo ya kompresa kwa joto hili huweza kula 40 mpaka 60. Kijana wa Malindi asome hapa, paneli moja na friji haziwezani.

SWALI: Mambo fundi, mimi ni wa Mambrui. Injini yangu ya ndani ni ya petroli, stata imeharibika, nimepata ya gari inoingia sawa sawa kwa bei nusu. Niweke?

JIBU: Usiweke. Stata ya gari yatoa cheche wazi, kwenye gari upepo wapita chini, kwenye boti mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, washuka ngamani ukakaa pale wakungoja. Ya baharini imezibwa cheche zisitoke, ndo bei yake hiyo. Na altaneta ni vile vile. Kila ukitaka kuwasha fungua kifuniko unuse, washa feni ya kutoa hewa dakika 4, kisha ndo upige. Na kama una jiko la gesi mtungi ukae nje wazi, gesi nayo yashuka vile vile.

SWALI: Msimu wa mvua nikipita karibu na mdomo wa Sabaki injini yachemka, nikifika mbali yapoa. Ni thamostati?

JIBU: Angalia impela kwanza, lile gurudumu la mpira linozunguka ndani ya pampu ya maji. Sabaki ikifurika maji huwa mekundu mpaka hapa Malindi, na huo mchanga na tope vyapita kwa pampu ya maji ya bahari kama msasa. Fungua kifuniko cha pampu, ukikuta mabawa ya mpira yamekatika usitie mpya ukaondoka, tafuta vile vipande vilivokatika, viko mbele kwenye kipozeo vimeziba njia. Kifuniko kikiwa kimechimbwa mitaro kigeuze upande wa pili. Impela badilisha kila mwaka na uweke moja ya akiba ndani ya boti pamoja na gasketi yake.

SWALI: Mzee wangu Amu hupaka jahazi shahamu na chokaa. Naweza kupaka boti yangu ya faiba, nipunguze gharama?

JIBU: Mzee wako yuko sawa kwa mbao, zile zahitaji mafuta. Faiba haitaki, na shahamu ikiingia kwenye vinyweleo vya rangi siku utakayotaka kupaka rangi ya kweli haitashika popote. Nunua rangi ya kuzuia mwani, ila kama boti yako ina mguu wa alumini nyuma usipake huo mguu rangi yenye shaba, utaliwa. Ipandishe mchangani siku za bamvua, maji hupwa kama saa nne asubuhi, una masaa machache ya kukwangua na kupaka sehemu, kesho upande mwingine. Zinki, vile vipande vinofungwa chini ya boti ili viliwe na chumvi badala ya rafadha na chuma kingine, usizipake rangi hata kidogo. Zikiwa zimeliwa nusu weka mpya, na ukikuta baada ya msimu mzima ziko vile vile hazijaguswa usifurahi, toa, kwangua chuma pale zinapokaa mpaka king'ae na ukaze tena, manake hazikuwa zinashikana nacho na kuna kitu kingine kimeliwa badala yake, anza kuangalia rafadha.