Amebadili imani, au amegundua alikosea?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Umoja, Nairobi. Nawatafsiria wanafunzi makala kuhusu namna watu wanavyoacha jambo waliloliamini na kushika jingine. Niliandika "kubadili imani". Mwenzangu katika chumba cha walimu alisoma, akacheka, akaniuliza ni kanisa gani hilo watu wanalolihama. Nikajaribu "kughairi", nalo halikukaa vizuri. Niandike nini?

JIBU: Mwalimu, mwenzako alikuwa na sababu ya kucheka. Nomino "imani" imeshikwa na dini, na pale ilipoponyoka dini imeshikwa na kuaminiana: "sina imani na fundi huyo". Sema "amebadili imani" kutoka Kawangware hadi Kayole, watu wataelewa amesilimu, ameokoka au amehama dhehebu. "Itikadi" nayo imeegemea siasa na mafundisho. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufunga fundo, na mtu hafungui fundo kwa sababu tu ameambiwa duka la kona limefungwa.

Ajabu ni kwamba kitenzi hakina kasoro hiyo. "Aliamini duka liko wazi": hapo hakuna anayewaza msikiti wala kanisa. Kwa hiyo achana na nomino, ushike kitenzi.

Kuhusu "kughairi", jibu ni fupi. Linahusu nia. Mtu hughairi safari ya Gikomba. Haghairi kwamba leo ni Jumanne.

Lakini neno ambalo ningependa ulitazame hukuniuliza, nalo unalitumia kila siku: "kumbe". Mwaka 1985 wanafalsafa Carlos Alchourrón, Peter Gärdenfors na David Makinson walichapisha makala iliyokuja kuwa msingi wa nadharia ya kimantiki ya namna mtu anavyobadili anayoyaamini. Walitenganisha vitendo vitatu: kuongeza jambo jipya kwenye yale unayoyaamini, kuondoa la zamani, na kurekebisha, yaani kupokea jambo jipya linalopingana na ulilokuwa nalo. Njia moja ya kueleza kurekebisha ni kuondoa kwanza lile linalopinga, kisha kuongeza jipya, huku ukiyaacha mengine yote kama yalivyo kadiri inavyowezekana. Alchourrón alikuwa mtu wa falsafa ya sheria, na swali la kuondoa lilimjia kutoka huko: ukifuta kifungu kimoja cha sheria, ni vingapi vingine lazima vianguke nacho?

Sasa sikiliza: "Nilidhani duka liko wazi, kumbe limefungwa." "Nilidhani" inaweka la zamani mezani, "kumbe" inalifuta na kuandika jipya papo hapo. Ndiyo maana ukisema "nilidhani utakuja" ukanyamaza, msikilizaji anajua hakuja, ingawa hukusema. (Siku hizi husikika pia "nilijua umelala, kumbe uko macho". Wanamantiki wangelia, maana hujui jambo lisilo kweli, lakini mitaani linapita.)

Na kabla ya "kumbe" kuna "kwani". "Kwani duka limefungwa?" anasema mtu ambaye alichokiamini kimetikiswa ila bado hajakiachia. "Kumbe duka limefungwa!" anasema aliyekwisha kukiachia. Kati ya maneno hayo mawili ndipo akili inapofanya kazi yote.

Juzi nilikuwa steji mjini, jioni, mvua inanyesha. Nauli ya hamsini ilikuwa imekuwa mia, kama kawaida ya Nairobi wingu likitanda. Mama mmoja aliyeshika noti ya hamsini akamwuliza makanga, "Kwani imepanda?" Akajibiwa, "Imepanda, mama, si unaona mvua." Nyuma yake kijana mwenye begi la safari akamwambia mwenzake, "Nilidhani ni hamsini, kumbe ni mia." Habari ni moja, na wote wawili walilipa mia. Ila mama alikubali kwamba dunia imebadilika. Kijana alikubali kwamba alikuwa amekosea. Tofauti hiyo wanasayansi wa kompyuta Hirofumi Katsuno na Alberto Mendelzon waliiandikia makala mwaka 1991, wakaonyesha kwamba kuhuisha habari kwa sababu hali imegeuka kuna kanuni zake, na kurekebisha kosa kuna zake. Huhitaji alama zao za kimantiki kuiona. Kesho jua likiwaka, mama atatoa hamsini yake bila kuuliza. Kijana atatoa mia, na kama makanga si mwaminifu, chenji hataiona.

Ndiyo sababu "kumbe" halikai kwa mama. Angesema "kumbe imepanda" kama angegundua kwamba ilipanda zamani na yeye hakuwa na habari.

Makala yako isiishie kwenye mantiki lakini, maana watu si daftari la kufuta na kuandika. Mwaka 1975 wanasaikolojia Lee Ross, Mark Lepper na Michael Hubbard waliwapa watu kazi ya kutambua maandishi ya kweli na ya kubuni, wakawaambia baadhi kwamba wamefanya vizuri sana na wengine vibaya. Baadaye wakawafunulia kwamba majibu hayo yalipangwa kabla, hayakuhusu walichofanya. Hata hivyo walioambiwa wamefanya vizuri waliendelea kujiona hodari kuliko walioambiwa wamefanya vibaya. Hiyo mimi naiita kumbe ya mdomoni: mtu amelitamka neno, ila mambo aliyoyajenga juu ya lile la kwanza bado yamesimama.

Kwa hiyo kichwa cha makala yako kisomeke "Namna watu wanavyobadili wanayoyaamini". Ndani, palipo na kosa lililogunduliwa andika "kurekebisha", palipo na hali iliyogeuka andika "kuhuisha". "Kughairi" liweke akiba kwa siku utakapotafsiri habari za mtu aliyeahirisha harusi.