Akilia anapewa simu, na kilio hakiishi

SWALI: Mwanangu wa miaka 4 akinyimwa simu hujigaragaza chini mpaka majirani wanachungulia. Nikimpa, kimya. Juzi nilikaza siku tatu, kilio kikazidi, nikampa. Bibi yake anasema nimchape. Nifanyeje?
Mama wa mmoja, Tanga

JIBU: Mama, kwa sasa kilio ndicho kinachomletea simu, na tendo linalolipa hurudiwa. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike alilichunguza jambo hili kwa paka aliowafungia kwenye masanduku, akachapisha matokeo mwaka 1898. Nawe pia unafundishwa: ukitoa simu kelele zinakatika, unapumua, na kesho unaitoa mapema zaidi.

Palipoharibika ni siku ya tatu. Tendo lililozoea malipo likiyakosa, huweza kupanda kwanza ndipo lishuke. Wewe ulilipa likiwa juu kabisa, akajifunza kwamba kilio kidogo hakitoshi. Na kutoa leo, kunyima kesho, kutoa keshokutwa, huifanya tabia iwe sugu kuliko kutoa kila mara. Mashine za kamari huwashika watu kwa njia hiyo hiyo.

Anza upya. Panga muda wa simu, tuseme dakika 15 baada ya kuoga jioni, na uitoe akiwa ametulia. Akianza kulia, ondoa vitu vya kumuumiza, kaa karibu, usimjibu wala kumtazama usoni. Hata "nyamaza!" inaweza kuwa malipo kwa mtoto anayetaka umwangalie. Akitulia kwa hesabu ya 10, zungumza naye; simu bado haitoki. Siku zinazofuata ngoja hesabu ya 20, kisha 30.

Mfundishe pia kuomba: "Mama, naomba simu." Siku za mwanzo akiomba hivyo, mpe papo hapo dakika 5 na umwambie, "Umeomba vizuri." Ila asiombe huku machozi hayajakauka, la sivyo atajifunza kulia kwanza, kisha kuomba.

Malipo yasichelewe. Pale Morogoro, shirika la APOPO linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini hutumia mlio mfupi mara tu panya anapogundua harufu, kisha ndizi. Mlio ukichelewa, panya ameshageuka, na kinacholipwa ni kule kugeuka.

Kuchapa kunaweza kumnyamazisha kwa muda, lakini hakumwonyeshi afanye nini badala ya kulia. Mara nyingi anachojifunza ni kumwogopa mchapaji, na kungoja atoke.

Kaa na bibi kabla hujaanza, mkubaliane. Akimpa simu kwa siri hata mara moja, mnarudi mwanzo. Kilio kikipotea kisha kikaibuka ghafla baada ya wiki, msishtuke. Fanyeni vilevile, safari hii huwa kifupi. Lakini akigonga kichwa, kujing'ata au kuzimia, usipuuze: mpeleke kwa daktari wa watoto.