Ukiona kidoto cha Howell-Jolly, kiandike kwenye majibu

Wenzangu wa maabara, hasa mnaoanza kazi, msiiachie mashine ya FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) kila kitu. Itawapa idadi ya chembe, ukubwa wake na hemoglobini. Kilichomo ndani ya chembe nyekundu kinataka jicho lako, slaidi nyembamba na lenzi ya mafuta.

Kidoto ninachokisemea ni cha mviringo, zambarau iliyokolea, kingo zake laini, na mara nyingi kinakaa peke yake ndani ya chembe. Ni mabaki ya kiini ambayo kwa kawaida wengu huyanyofoa chembe inapopita, kisha huiachia iendelee na safari. Ukiyaona, basi mara nyingi wengu limeondolewa kwa upasuaji, au lipo lakini limeshindwa kazi.

Nikikiona kwa mtoto hapa Tanzania, mawazo yangu huenda kwanza kwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo ya wengu mpaka linanyauka, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka 5. Bila wengu linalofanya kazi, bakteria wa nimonia wakiingia kwenye damu yake, wanaweza kumuua ndani ya saa chache. Ndiyo maana watoto hawa hupewa penisilini asubuhi na jioni, pamoja na chanjo, na homa yoyote ni ya kukimbizwa hospitali hata kama ni usiku wa manane. Wazazi, hili naomba mlishike sana.

Foleni ikiwa ndefu, ni rahisi kukiita malaria. Angalia rangi ya bluu: kimelea kichanga kina uzi wa bluu unaozunguka na kidoto chekundu, Howell-Jolly haina bluu kabisa. Chembe sahani iliyolala juu ya chembe nyekundu nayo hudanganya, lakini zungusha fokasi taratibu utaona kila moja iko kimo chake. Vidoto vingi vidogo vilivyojikusanya pembeni huenda ni chuma, yaani Pappenheimer. Rangi ya Perls itavigeuza bluu. Heinz, yaani vipande vya hemoglobini iliyoharibika, usiitafute kwenye rangi ya Giemsa, haionekani.

Na usiandike tu "chembe zisizo za kawaida". Taja jina. Fomu ya mtoto isipotaja selimundu wala upasuaji wa wengu, mimi sisubiri majibu yafuatwe: napiga simu wodini, naomba sampuli ya elektroforesisi ya hemoglobini (kipimo cha kutambua aina ya hemoglobini), na namuuliza daktari kama mtoto ana homa.