Lenzi ya zamani na dirisha la kusini

Wanaoona picha zangu za mabibo na vinyago huanza na swali moja: unatumia kamera gani? Kamera ni ya kawaida, tena ya mtumba. Lenzi ni Helios 44-2 ya enzi za Sovieti, zile zilizokuwa zikija na kamera za Zenit: milimita 58, tundu la kupitishia mwanga linafunguka hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na kufokasi ni kwa mkono. Kama unataka kupiga vitu vidogo nyumbani, usihangaike na lenzi ya bei mbaya. Tafuta dirisha kwanza.

Kwa sisi wa Mtwara, chagua la upande wa kusini. Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua linapita kaskazini yetu kutwa nzima. Dirisha la kusini linapata mwanga wa anga tu, mpole, usiokatakata vivuli. Kero ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo ya kusi, na upepo unaingilia hapohapo. Ukipiga ua, funga kioo. Ikifika Oktoba, mabibo yameanza kuiva na jua la mchana limesimama utosini. Mimi hupiga saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, basi.

Halafu kuna nondo za dirisha. Bibo lina ngozi inayong'aa, na mpingo uliopigwa msasa vizuri ndiyo kabisa: ukisogea karibu utaona mistari ya nondo za dirisha imejichora juu yake. Tundika shuka jeupe la pamba dirishani, mistari inapotea. Upande wenye kivuli simamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga. Na huo wavu wa mbu, kama umejaa vumbi, uoshe. Unakula mwanga kweli.

Sasa lenzi. Helios yenyewe haifokasi chini ya nusu mita, na kwa umbali huo korosho ni kidoa tu. Dawa yake ni ringi za kuisogeza lenzi mbali na kamera. Hazina kioo ndani, ndiyo maana ni rahisi. Seti ya M42, yaani ya uzi wa skrubu wa lenzi hii, kwa kawaida ina tatu, za milimita 7, 14 na 28. Ukiziunga zote, korosho inaangukia kwenye sensa, kile kidaka-picha cha kamera, karibu kwa ukubwa wake halisi, lakini mwanga unashuka hadi kama robo. Kwa hiyo stendi haikwepeki, na shuta ipigwe kwa taima ya sekunde mbili. Utahitaji pia adapta ya M42 ya kamera yako. Wenye Nikon za kioo (DSLR) huambiwa adapta ya kawaida haifokasi vitu vya mbali. Ni kweli, ila kwa kazi hii haiwahusu. Kamera ikigoma, ingia kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi.

Kufokasi: acha kuzungusha lenzi, sogeza kamera yenyewe mbele na nyuma taratibu. Helios 44-2 ina pete mbili za tundu. Moja itegeshe f/8, nyingine iache wazi hadi f/2 ili uone vizuri unapolenga, kisha ifunge ndipo upige. Hata kwa f/8, ringi zote zikiungwa, utapata kama milimita moja tu iliyo kali, kwa hiyo amua unataka nini. Mimi hupenda pale korosho inapong'ang'ania bibo: ngozi imekunjamana, na mara nyingi kuna sisimizi keshafika.

Kinyago cha mpingo kinataka jambo moja la ziada. Kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwanga, na mpingo unatoka kijivu. Punguza stopu moja (yaani nusu ya mwanga) au zaidi, mpaka alama za patasi zionekane na weusi ubaki weusi.

Kabla ya kununua lenzi ya zamani, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma na uchungulie mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona vijiuzi kama utando wa buibui, ni fangasi, iache hata ukipunguziwa bei. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, fangasi huyo atazidi. Yangu naiweka kwenye hotipoti kuukuu inayofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishanyonya unyevu vya kutosha, badilisha.