Mwamba mgumu hukunjika bila kuvunjika

Je, ili mwamba ukunjike ni lazima uwe bado tope laini? Hapana, si lazima. Mikunjo mingi ya milima kama Himalaya ilitokea mawe yakiwa yamekwisha kuwa magumu, ila yalikuwa kina kirefu, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, yakasukumwa polepole mno. Kwatzi, madini yaliyo mengi katika miamba, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 300 hivi, kwa kawaida kilomita 10 hadi 15 chini. Kipande chembamba cha mwamba kama huo ukikitazama kwa hadubini, unaona punje za kwatzi zimevutika kama utepe, ilhali felspa, madini mengine ambayo ni kaidi zaidi, imepasuka humohumo. Tope laini nalo hukunjika wakati mwingine, hasa likiporomoka chini ya bahari, kwa hiyo usiamue kwa umbo la mkunjo tu kama mwamba ulikunjika ukiwa mgumu au ukiwa tope.