Jinsi ya Kuchagua Programu ya Kuchora Makabati ya Jikoni

Anayetafuta programu ya kubuni jikoni huvutiwa kwanza na picha zinazong'aa, zenye mwanga wa dirishani na bakuli la matunda mezani, ilhali fundi atakayekata bodi hana haja na bakuli hilo. Kazi ya makabati na ukarabati wa nyumba hapa Nairobi imenizoesha kuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: je, programu hii itanipa orodha sahihi ya vipande vya kukatwa?

Chukua kabati la chini lenye upana wa milimita 600. Likitengenezwa kwa bodi ya milimita 18, ubao wa chini unaoingia kati ya mbao mbili za pembeni utakuwa milimita 564. Duka likiwa na bodi za milimita 16 pekee, ubao huohuo utakuwa 568. Programu nzuri hubadilisha vipimo hivyo vyote mara tu unapobadilisha unene, lakini ile iliyotengenezwa kwa ajili ya picha hukuachia hesabu uifanye mwenyewe. Aidha, ni lazima ikuruhusu kuweka ukubwa wa bodi inayouzwa hapa, mathalani milimita 2440 kwa 1220, mwelekeo wa mistari ya mbao, unene wa utepe unaobandikwa kwenye ukingo wa bodi na upana wa mkato wa msumeno.

Mkato huo si jambo dogo. Programu nyingi za Marekani huja na makabati yaliyopimwa kwa inchi, yenye kina cha inchi 24, yaani takriban milimita 610. Ukikichukua kipimo hicho kama upana wa ubao wa pembeni, bodi ya 1220 haitakupa vipande viwili ubavu kwa ubavu, kwa sababu msumeno wenyewe hula milimita tatu hadi nne. Punguza kina hadi 560 na vipande viwili vitatoka bila shida.

Mimi hutumia programu ya kuchora ya SketchUp pamoja na kiongezi (programu ndogo inayoongezwa ndani yake) cha OpenCutList, ambacho ni cha bure na hutoa orodha ya vipande na mchoro wa kukatia. Fahamu, hata hivyo, kwamba toleo la bure la SketchUp la mtandaoni halipokei viongezi, na lile la kusakinishwa hulipiwa ada ya kila mwaka. Mwenye nyumba anayetaka tu kujua kama friji itazuia mlango atosheke na Sweet Home 3D, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti, sifa inayofaa sana siku ambayo mtandao umepotea. Programu za Cabinet Vision na Mozaik ziachiwe karakana zenye mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta.

Kwa ukarabati, hakikisha pia kwamba programu inakubali kuta zisizonyooka. Katika nyumba nyingi za ghorofa, nguzo ya zege hujitokeza pembeni mwa jikoni, na ukichora chumba kama mraba safi, kabati la kona halitaingia. Mtungi wa gesi wa kilo 13 huenda usiupate katika maktaba ya vifaa; pima wako ukiwa na regulata yake, kisha uuchore mwenyewe. (Wabunifu wa programu hizi, yaonekana, wote wana gesi ya bomba.)

Kabla ya kulipa, tumia kipindi cha majaribio kuchora kabati moja tu, ikiwezekana lile la sinki, kwa kuwa lina mabomba na halina mgongo kamili. Tuma orodha ya vipande kwa WhatsApp kwa fundi wako bila maelezo yoyote. Akilazimika kukupigia simu kuuliza ubao wa pembeni ni upi, endelea kutafuta programu nyingine.